Shule ya Nyumbani na Shule ya Darasani: Mtoto Wetu Anazihitaji Zote Mbili

SOMO LA FAMILIA

Maandiko ya kusoma nyumbani kabla ya kukutana: Kumbukumbu la Torati 6:4-9, Kutoka 2:1-10, Danieli 1, Yeremia 29:4-7, 2 Timotheo 1:5 na 3:14-15.

Shabaha ya somo: Kutusaidia sisi wazazi na walezi tulio mbali na kwetu tujue kazi ya nyumba ni ipi na kazi ya shule ni ipi, ili mtoto asipotee katikati.



Kila mwaka mwezi wa pili, shule za Uganda zinapofungua muhula wa kwanza, swali moja hurudi katika vikundi vyetu vya maombi hapa Kiyeyi. Wazazi huuliza: Je, tumpeleke mtoto katika shule ya hapa, au tumweke nyumbani tukingoja siku ya kurudi kwetu? Wengine husema lugha ya hapa mtoto haijui. Wengine husema amerudishwa darasa la chini, na ni aibu kwa mtoto mkubwa kukaa na wadogo. Wengine husema pesa za sare na daftari hazipo. Na wako wachache wasemao, kwa moyo safi kabisa, kwamba wao wenyewe watamfundisha mtoto nyumbani, kwa sababu Biblia imempa mzazi kazi hiyo.

Maswali haya si madogo. Familia nyingi za Kenya zilivuka Malaba na Busia mnamo Januari 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Zilipokelewa Mulanda, katika wilaya hii ya Tororo, na baadaye nyingi zikahamishiwa Kiryandongo. Wakati ule wengi tulidhani ni jambo la miezi mitatu, minne hivi. Lakini mtoto aliyebebwa mgongoni mwaka ule sasa ni kijana mwenye ndevu, au ni binti anayetazamiwa kuwa na nyumba yake. Yule ambaye wazazi walingoja kurudi ndipo asome, umri wa kukaa katika shule ya msingi umempita. Mzazi anaweza kungoja, lakini utoto haungoji.

Basi tulitazame jambo hili polepole, kwa Neno la Mungu, kwa sheria za nchi, na kwa mambo tunayoyaona kila siku.

1. AGIZO LILITOLEWA KWA WATU WA MAHEMANI

Katika Kumbukumbu la Torati 6 Mungu anawaagiza wazazi wa Israeli wawafundishe watoto wao maneno yake kwa bidii. Anataja na wakati: wakiwa wameketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Tena anasema wayaandike katika miimo ya milango.

Tuangalie jambo moja ambalo husahaulika. Watu walioambiwa hayo hawakuwa na milango. Walikuwa ng'ambo ya Yordani, katika nchi ya Moabu, wakiishi mahemani, na wengi wao walizaliwa safarini. Mungu hakuwaambia wangoje hadi wajenge nyumba ndipo waanze kufundisha. Agizo lilikuja wakiwa bado njiani.

Kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu anayeweza kusema, "Nitamfundisha mtoto wangu nitakapopata nyumba nzuri, taa na meza." Kuketi, kutembea, kulala na kuamka kunapatikana hata katika nyumba ya udongo yenye chumba kimoja. Hiyo ndiyo shule ya nyumbani, na haina likizo wala karo.

2. MUSA NA DANIELI WALISOMA SHULE YA WAGENI

Lakini je, agizo hilo linamaanisha tusiwapeleke watoto shuleni? Tutazame watoto wawili wa Biblia.

Musa alilelewa kwanza na mama yake mzazi, naye akalipwa mshahara na binti Farao kwa kumlea mtoto wake mwenyewe! Alipokuwa alipelekwa jumba la mfalme, na Stefano anatuambia katika Matendo 7:22 kwamba alifundishwa elimu yote ya Wamisri. Mungu alitumia vyote viwili. Maziwa na mafundisho ya mama yalimfanya ajue yeye ni wa watu gani. Elimu ya Misri ilimwezesha kusimama mbele ya Farao bila kubabaika.

Danieli na wenzake walikuwa vijana waliohamishwa kwa nguvu. Waliwekwa katika shule ya Babeli kwa miaka mitatu, wakasoma lugha na maandishi ya Wakaldayo, hata majina yao yakabadilishwa. Hawakukataa kusoma. Walikataa kitu kimoja tu, kile kilichoharibu imani yao, na hata hicho walikikataa kwa adabu, kwa kumwomba msimamizi. Walitoa wapi ujasiri wa kujua cha kupokea na cha kukataa? Hawakuupata Babeli. Waliupata kwao, kabla ya kuhamishwa.

Naye Yeremia aliwaandikia watu wale wale wa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, wazae watoto na kuutafutia amani mji waliohamishiwa. Mtu anayepanda bustani hakai juu ya mizigo yake akitazama barabara. Kumwandikisha mtoto katika shule ya mahali tulipo ni kupanda bustani. Si kusema kwamba tumesahau kwetu.

3. SHERIA ZINASEMAJE?

Ni vizuri tujue haki zetu na wajibu wetu, maana asiyejua sheria hukosa hata kile alichopewa bure.

Uganda ilianza Elimu ya Msingi kwa Wote mnamo Januari 1997. Mwanzoni ilikuwa watoto wanne kwa kila familia, baadaye ikawa watoto wote. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inasema mtoto mkimbizi atendewe sawa na mtoto mwenyeji katika elimu ya msingi. Kwa hiyo mkimbizi haombi hisani anapomwandikisha mtoto wake. Anatumia mlango ambao sheria imeufungua.

Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inasema elimu ya msingi ni ya lazima, kuanzia miaka sita, kwa muda wa miaka saba. Inagawa kazi pia. Serikali ina kazi ya walimu na ya kuendesha shule. Mzazi ana kazi ya kumwandikisha mtoto, na kumpa chakula, mavazi, matibabu na malezi. Sheria hiyo hairuhusu mtoto wa Elimu kwa Wote kufukuzwa kwa sababu mzazi ameshindwa kutoa mchango. Lakini chakula cha mchana ni juu yetu. Tusikasirike na mwalimu kwa jambo ambalo sheria imelikabidhi kwa mzazi.

Kwa wale wanaofikiria kurudi Kenya, huko nako elimu ya msingi ni bure tangu 2003, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto yuko shuleni. Wako wazazi wa Kenya waliokwenda Mahakama Kuu wakitaka waruhusiwe kuwafundisha watoto wao nyumbani badala ya shule. Mwaka 2021 mahakama ilikataa ombi lao. Kwa hiyo mzazi anayemweka mtoto nyumbani hapa, akisema ataendelea hivyo hivyo akirudi ng'ambo, ajue kwamba huko sheria haiko upande wake.

Hapa Uganda pia, hata mtoto akifundishwa vizuri namna gani nyumbani, mtihani wa darasa la saba unafanywa katika kituo kilichosajiliwa na Baraza la Mitihani. Bila kituo hakuna matokeo, na bila matokeo mlango wa sekondari ni mgumu kufunguka.

4. YALE TULIYOJIFUNZA WAKATI WA KORONA

Pengine kuna atakayeuliza, "Kama nyumba ni shule, kwa nini isitoshe?" Jibu tulilipata wenyewe. Shule za Uganda zilifungwa tarehe 20 Machi 2020. Madarasa ya mtihani na mengine machache yalirudi kwa zamu, lakini shule hazikufunguliwa kwa wote hadi tarehe 10 Januari 2022. Ni karibu miaka miwili. Hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga shule zake kwa muda mrefu hivyo wakati ule.

Serikali ilichapisha masomo ya kujisomea nyumbani, na mengine yakapitia redio na televisheni. Lakini karatasi hazikufika kila kijiji, na nyumba nyingi hazikuwa na redio. Zaidi ya hayo, mtoto wa darasa la pili hawezi kujifundisha peke yake kwa kutazama karatasi.

Wakati ule nyumba zilionekana ni za namna tatu. Nyumba ya kwanza mzazi au kaka mkubwa aliketi na watoto kila siku, hata kwa muda mfupi. Hao walirudi darasani wakiwa wamechoka kidogo lakini bado wanasoma. Nyumba ya pili mzazi alisema "someni" kisha akaenda shambani. Hao walirudi wamesahau mengi. Nyumba ya tatu mtoto aligeuzwa kuwa mfanyakazi: kufukuza ndege kwenye mpunga, kubeba mizigo kwenye njia za panya huko Busia, au kuosha mchanga katika machimbo ya dhahabu kama yale ya Tiira. Wengi wa hao hawakurudi kabisa, kwa sababu walikwisha kuonja pesa.

Fundisho ni hili. Nyumba pekee haikutosha hata katika familia zilizojitahidi. Lakini shule zilipofungwa, tofauti kati ya mtoto na mtoto ililetwa na nyumba. Shule inaweza kufungwa kwa ugonjwa, kwa mgomo au kwa vita. Nyumba haifungwi. Tusiivunje moja kwa kuitegemea nyingine.

5. MAHALI AMBAPO WATOTO WETU HUJIKWAA

Lugha. Tangu 2007 mtaala wa Uganda unataka darasa la kwanza hadi la tatu, hasa vijijini, wafundishwe kwa lugha ya mahali pale, kisha darasa la nne wageukie Kiingereza. Hapa kwetu lugha hiyo ni Kidhopadhola. Mtoto wa Kijaluo kutoka Kenya huchukua muda mfupi, maana lugha hizo ni ndugu. Wasamia na Wateso wana jamaa pande zote mbili za mpaka. Lakini mtoto wa Kikuyu, wa Kisii au wa Kongo huketi darasani kama mtu anayesikiliza mvua. Huyo si mjinga. Anahitaji miezi kadhaa na marafiki wa kucheza nao. Tusimkataze kucheza na watoto wenyeji, maana uwanja wa mpira unafundisha lugha kuliko ubao.

Hata hivyo tusiache lugha ya nyumbani. Mtoto anayejua kueleza jambo vizuri kwa lugha ya mama yake hupata urahisi wa kujifunza lugha nyingine. Anayepoteza ya kwanza kabla hajapata ya pili hubaki hana pa kusimama.

Masomo yenyewe. Mtihani wa darasa la saba wa Uganda umekuwa wa masomo manne: Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii. Mtoto wa Kenya aliyekuwa bingwa wa insha za Kiswahili hushangaa kuona Kiswahili chake hakimwongezei alama hapo. Wazazi wamwambie mapema, lakini wasimwambie kwamba Kiswahili hakina faida. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mtoto wetu ana kitu ambacho wengine wanaanza kukitafuta.

Darasa. Kenya sasa shule ya msingi ni miaka sita, kisha miaka mitatu ya sekondari ya chini. Mtihani wa zamani wa darasa la nane ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Uganda bado ni miaka saba ya msingi. Kwa hiyo mtoto anayevuka mpaka hawezi kuhesabiwa darasa kwa darasa. Akirudishwa chini darasa moja, tukubali. Mwaka mmoja si hasara kubwa kwa mtoto anayepata msingi. Akirudishwa madarasa matatu, tumwombe mwalimu mkuu kwa heshima ampe jaribio la hesabu, kwa sababu mara nyingi kilichomshinda ni Kiingereza cha swali, si hesabu yenyewe. Kwa kijana aliyepitwa na umri, katika makazi ya wakimbizi kuna madarasa ya elimu ya haraka yanayokusanya miaka saba ya msingi kuwa mitatu. Tuulize habari zake bila aibu.

Karatasi. Hapa ndipo wengi huumia. Kila familia iwe na mfuko mmoja wa plastiki usiopitisha maji. Ndani yake muwe na kadi ya ukimbizi ya familia, cheti cha kuzaliwa au cha kliniki, ripoti za shule za kila muhula, barua ya uhamisho na matokeo ya mtihani. Jina la mtoto liandikwe vile vile katika karatasi zote, herufi kwa herufi. Kama kwa baba anaitwa hivi, na kanisani vingine, na shuleni vingine, tuchague moja kabla hajaandikishwa mtihani wa darasa la saba. Jina lililokosewa pale humfuata mtu hadi kazini.

6. NUSU SAA YA JIONI

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Tunaomba kila familia itenge nusu saa kila jioni, siku tano za juma. Si lazima mzazi awe amesoma. Timotheo alipokea imani kutoka kwa nyanya yake Loisi na mama yake Eunike, na tangu utoto aliyajua Maandiko. Yaliingia kwa sauti za akina mama.

Dakika kumi za kwanza ni kusoma. Mtoto asome kwa sauti, mistari michache ya Injili kwa Kiswahili leo, kwa Kiingereza kesho. Mzazi asiyejua kusoma aulize tu: "Umesoma nini? Nani alifanya nini? Kwa nini?" Mtoto asiyeweza kueleza hajasoma, ametamka tu. Mzazi atalitambua hilo hata kama hajui herufi.

Dakika kumi za pili ni hesabu. Wadogo wahesabu punje za mahindi au vifuniko vya soda, kumi kumi. Wakubwa tuwape hesabu za mpakani. Kwa mfano, tuseme shilingi moja ya Kenya inabadilishwa kwa shilingi 28 za Uganda. Mama ana shilingi 250 za Kenya. Atapata ngapi? Mtoto akipata 7,000, amwulize tena mama: nikinunua sabuni ya 3,500 nitabaki na ngapi? Mtoto anayejua hesabu hiyo hatapunjwa sokoni, na mama yake pia hatapunjwa.

Dakika kumi za mwisho ni kuandika na kukumbuka. Aandike ujumbe wa simu kwa bibi aliye ng'ambo. Aandike majina ya watu wa ukoo, kijiji tulichotoka, mto wake, na miti yake. Huku ndiko kuandika katika miimo ya milango. Darasa la hapa litamfundisha wilaya za Uganda, na ni haki yake kuzijua. Lakini jina la babu yake ni sisi tutakaomfundisha. Tuwe waangalifu pia katika kusimulia yaliyotupata. Mtoto ajue ukweli, lakini asirithi chuki. Tukimfundisha kuhesabu wale waliotukosea, tutakuwa tumemwandalia vita vyake mwenyewe.

Mzazi akitaka kujua mtoto amefika wapi, ajaribu kama wafanyavyo watu wa Uwezo, mpango ulioanza mwaka 2009 katika Kenya, Uganda na Tanzania. Hao huenda nyumbani, wakampa mtoto wa umri wowote wa shule hadithi fupi na hesabu za kiwango cha darasa la pili. Nchi zote tatu zilikuta watoto wengi wa madarasa ya juu wakishindwa. Basi mzazi asitazame namba ya darasa peke yake. Amwekee mtoto wa darasa la tano kitabu cha darasa la pili na asikilize. Akikwama, ni heri kujua leo kuliko kujua siku ya mtihani.

7. KAZI ZA NYUMBANI NA WASICHANA

Hatusemi mtoto asifanye kazi. Kuchota maji, kufagia, kupalilia na kuchunga mbuzi ni elimu pia, na mtoto asiyejua jembe ni mzigo. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Lakini kuna kazi inayomjenga mtoto na kuna kazi inayomla. Kipimo ni rahisi. Kazi ikimfanya akose shule siku nzima, au asinzie darasani, au akae na watu wazima wenye tabia mbaya, inamla.

Tutazame pia ni nani anayekatwa kwanza daftari zinapopungua. Mara nyingi ni binti. Yeye huamka kwanza, huchelewa shuleni kwa sababu ya maji na uji wa wadogo zake, na jioni kaka yake anasoma wakati yeye anasugua sufuria. Nusu saa ya jioni ni ya wote. Sufuria zitangoja, au kaka atazisugua.

Na binti akipata mimba, ambalo lilitokea mara nyingi shule zilipofungwa, kanisa lisimfungie mlango ambao hata serikali imeufungua. Mwongozo wa Wizara ya Elimu ya Uganda wa mwaka 2020 unamruhusu kurudi shuleni baada ya kujifungua, mtoto wake akifika miezi sita. Akina nyanya mna huduma hapo. Kumshika mtoto mgongoni ili mama yake arudi darasani ni sadaka ambayo Mungu anaiona.

8. MZAZI NA MWALIMU

Tumtembelee mwalimu angalau mara mbili kwa muhula, si siku ya ugomvi tu. Mwalimu akimwona mzazi amekuja kwa amani, humkumbuka mtoto yule kati ya themanini. Tumsalimu, tumshukuru, kisha tumwulize mambo matatu: "Mwalimu, mtoto wangu anashindwa wapi? Anahudhuria kila siku? Nyumbani tumsaidie nini?" Tukiweza, tumwombe mzazi mwenyeji mmoja atufuate kwa ajili ya lugha. Pia tusikae mbali na mikutano ya wazazi na kamati ya shule. Mgeni akichangia mahindi ya uji wa shule, au siku moja ya kuchimba choo, hakuna atakayemwita mgeni tena.

Mwisho tukumbuke asili yetu. Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa abasomi, na kule kwa Wakikuyu waliitwa athomi. Majina yote mawili maana yake ni wasomaji. Kusoma na kubatizwa vilikwenda pamoja. Wale hawakuwa matajiri, na wengine walisomea chini ya mti. Mtoto wa kanisa asiyejua kusoma amekatwa katika urithi wa wale waliotuletea Injili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Waisraeli waliagizwa kufundisha watoto wakiwa bado mahemani. Sisi tunatoa sababu gani za kuahirisha?

2. Danieli alikubali nini na akakataa nini? Ni mambo gani katika maisha ya watoto wetu tunayopaswa kuyakubali, na yapi kuyakataa kwa adabu?

3. Nyumba yetu wakati wa Korona ilikuwa ya namna gani kati ya zile tatu? Ikitokea tena, tutafanya nini?

4. Nani katika nyumba yetu hukosa muda wa kusoma kwa sababu ya kazi? Tutampunguzia kazi gani wiki hii?

5. Je, kuna mtoto katika kikundi chetu ambaye hayuko shuleni? Tutamsaidiaje sisi kama kikundi, kwa sare, daftari au kwa kwenda na mzazi wake shuleni?

KAZI YA JUMA HILI: Kila familia itafute karatasi zote za watoto na kuziweka katika mfuko mmoja. Ianze nusu saa ya jioni Jumatatu. Jumapili ijayo viongozi wa vikundi watauliza imekuwaje, si kwa kuaibisha mtu, bali tusaidiane.

TUOMBE: Ee Mungu uliyemlinda Mwanao alipokimbiziwa Misri akiwa mtoto mchanga, walinde watoto wetu. Wape walimu wao subira. Sisi wazazi utupe nguvu za kuketi nao jioni hata tukiwa tumechoka na shamba. Wakue katika hekima na kimo, wakupendeze wewe na watu wa nchi iliyotupokea. Katika jina la Yesu, Amina.